Maswali na Majibu: Maua ya Msituni, Rondo na Rutamba, mkoani Lindi

Naona picha za watu wa Ulaya wakizunguka misitu yenye maua mwezi wa Aprili. Sisi wa Lindi twende lini? (Mwenye duka, Lindi mjini)

Aprili ni majira yao ya kuchipua, baridi ikiwa imeondoka. Kwetu kinachofungua maua ni mvua, na Kusini mvua ni msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, ikaisha Aprili au Mei. Miombo, ile miti ya misitu yetu mikavu, haiisubiri mvua. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa, inatoa majani mapya mekundu, na anayepita akiwa mbali hudhani ni maua. Maua ya chini huja baada ya mvua za kupandia. Mimi ningechagua Januari, asubuhi na mapema. Najua wengi wenu mtakuwa shambani na jembe, lakini Jumapili moja haiharibu palizi.

Ni ua gani nisilikose? (Mwalimu, Masasi)

Shikamoo, mwalimu. Litafute lile jekundu lenye kingo za njano, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba. Lisogelee. Ua limeinamia chini, ila petali zake zimepinduka kwenda juu kama ndimi za moto. Sasa tazama jani: ncha yake imejikunja, nayo ndiyo inayoshika vijiti vya jirani ili mmea upande. Wanafunzi wako wangekaa hapo nusu saa.

Waonye tu kwamba mmea mzima una sumu, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Kina sumu iitwayo kolchisini, nayo inaua.

Naweza kuchimba mimea michache nikapande nyumbani? (Mama wa watoto wawili, Mtwara)

Hapana, dada yangu, tafadhali. Msitu wa Rondo na ule wa Litipo, ulio karibu na Rutamba, ni hifadhi, na ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilitanda zaidi. Mjerumani H. J. Schlieben alikusanya mimea kando ya ziwa la Rutamba miaka ya 1930, na ipo mimea inayobeba jina lake hadi leo. Ipo pia inayoota eneo dogo sana la huku kwetu, na kwingine popote duniani hamna. Ukichimba kiazi, mwakani pale hapaoti kitu. Piga picha.

Mzunguko mfupi unatosha? Na nyoka je? (Kijana wa chuo, Mtwara)

Unatosha sana. Anayekimbilia kilomita nyingi haoni maua. Anzia kwa ofisa wa misitu upate kibali, uchukue mwenyeji wa kijijini na umlipe. Vaa buti na suruali ndefu, kwa ajili ya nyoka na zaidi kwa ajili ya upupu: maua yake ya zambarau ni mazuri, lakini vinyweleo vya maganda yake vitakuwasha mpaka ulie.

Ukiweza kukaa hadi giza, sikiliza komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayeishi mitini. Ana gramu 60 hivi tu, na wanasayansi walimtambulisha mwaka 1996.