Usimfiche daktari wa usingizi: majibu kuhusu damu na upasuaji wa mgongo

Wiki hii nimechagua maswali ya wanaokwenda kupasuliwa mgongo na ya wanaowauguza waliokwisha kupasuliwa.

Shikamoo dokta. Mama ana miaka 61, mwezi ujao anawekewa vyuma kiunoni. INR yake ni 1.0 na chembe sahani ni 240,000. Kila siku anameza aspirini ndogo, na maumivu yakizidi anameza diklofenaki. Vipimo vikiwa vizuri hivi, kuna haja ya kuzitaja? (H., Tanga)

Marahaba. Haja ipo, tena kubwa. INR hupima protini za kugandisha damu zinazotengenezwa na ini. Aspirini haionekani humo. Hesabu ya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, nayo inakuambia ziko ngapi, haikuambii kama zinafanya kazi. Aspirini haizipunguzi, inazilemaza, na chembe iliyolemazwa haiponi. Mpaka ife na mpya ishike nafasi yake, ni siku 7 hadi 10. Kwa hiyo upasuaji wa mgongo ukishapangwa, aspirini kwa kawaida husimamishwa wiki moja kabla. Diklofenaki huisha nguvu mapema zaidi, siku 1 hadi 3.

Lakini asiiache kwa uamuzi wake. Kama ana stenti (kibomba cha kuuacha wazi mshipa) kwenye moyo, au alishapata kiharusi, kuiacha bila daktari wa moyo kujua kunaweza kumletea shambulio kabla hajafika hata thieta. Na kama aliianza kwa ushauri wa jirani, eti ya kulainisha damu, aseme hivyo hivyo. Nimechoka kusikia "situmii dawa yoyote" kutoka kwa mtu mwenye vidonge vya duka la dawa, vidonge vya kitunguu saumu na vya uzazi wa mpango ndani ya mkoba mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha dawa ni yeye yule. Zitieni zote kwenye mfuko, mje nazo siku ya kumwona daktari wa usingizi.

Nile nini ili damu yangu isiwe nzito kabla ya upasuaji? (wengi)

Nimeshalijibu mara nyingi. Hakuna chakula cha kazi hiyo. Kunywa maji, acha sigara, na usianze dawa ya mitishamba ambayo daktari wako haijui.

Kaka yetu alinyooshwa kibiongo. Aliingia vipimo vyote safi, akatoka ameongezewa chupa 5 za damu, na tukaambiwa damu "ilikataa kuganda". Inawezekanaje, au walikosea? (S., Morogoro)

Inawezekana bila mtu yeyote kukosea. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu lita 4 hivi. Upasuaji wa pingili nyingi unaweza kumwaga lita 1 au 2, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mfupa uliochongwa huvuja kwenye uso wake wote na hakuna mshipa mmoja wa kufunga. Damu ikitoka, protini za kugandisha nazo zinatoka, na nyingine zinaisha kazini huko huko kwenye kidonda. Mgonjwa anajaziwa maji ya chumvi ili presha isianguke, na kilichobaki kinazidi kuchujuka. Wa kwanza kupungua ni fibrinojeni, ambayo ndiyo nyuzi zenyewe za bonge la damu. Kawaida yake ni gramu 2 hadi 4 kwa lita. Ikishuka chini ya 1.5 damu huendelea kuchuruzika hata daktari afanye nini.

Sasa zile chupa 5. Ndugu wengi hudhani chupa ya damu inarudisha kila kilichopotea. Damu inayotolewa benki siku hizi mara nyingi ni chembe nyekundu tu, hubeba oksijeni, na haina protini za kugandisha za kutosha wala chembe sahani zinazofanya kazi. Tena ina sitrati inayozuia isigande mfukoni, na sitrati hiyo hushika kalsiamu ya mgonjwa, ambayo bila yake damu haigandi. Ikitoka kwenye jokofu bila kupashwa inampoza mwili, na chini ya nyuzi 35 ugandaji unalegea. Anayeongezewa chupa nyingi anahitaji pia plazma (maji ya damu yenye protini za kugandisha), kalsiamu na blanketi la joto. Pasipo na maabara ya fibrinojeni, mililita chache za damu kwenye kichupa kikavu cha kioo, kisiguswe dakika 20, kisha kiinamishwe: ikimwagika kama maji, mgonjwa yuko hatarini. Kiwe cha kioo, maana plastiki inadanganya.

Mambo mawili hupunguza hasara hii na hayana gharama kubwa. La kwanza ni kumlaza kifudifudi tumbo likining'inia huru. Tumbo likibanwa, damu inasukumwa kwenye mishipa inayouzunguka uti wa mgongo na kidonda kinafurika. La pili ni asidi ya traneksamiki, dawa ya Wajapani Utako na Shosuke Okamoto ya mwaka 1962, inayozuia bonge lililokwisha kufanyika lisiyeyuke. Huanza kutolewa kwenye mshipa kabla ya kisu. Na hapa nawaambia wenzangu wa thieta: kichupa chake kinafanana na cha dawa ya ganzi. Kimewahi kuchomwa mgongoni kwa makosa, wagonjwa wakapata degedege na kufa, hata Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2022. Visikae trei moja.

Siku ya 4 baada ya upasuaji D-dimer yangu imepanda. Nina bonge? (R., Mombasa)

D-dimer ni mabaki ya bonge la damu linaloyeyuka, na hupanda kwa kila aliyepasuliwa. Peke yake haithibitishi kitu.

Baba kapasuliwa diski jana. Jirani yake wodini, aliyevunjika nyonga, anachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda. Baba hachomwi. Wamemsahau? (N., Dodoma)

Hawajamsahau. Baada ya upasuaji mwili hugeuka: fibrinojeni inapanda, chembe sahani zinaongezeka, mgonjwa kalala, na mabonge ya miguuni huanza kutafuta nafasi. Lakini uti wa mgongo uko kwenye mfereji wa mfupa usiotanuka. Damu kidogo ikivujia humo inabana neva. Kwa hiyo wengi husubiri angalau saa 24 kabla ya enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, na kabla ya hapo hutumia soksi za kubana na kumtembeza mapema. Akiweza kusimama, asimame.

Kazi yako wewe ni kumwangalia. Maumivu ya mgongo yanayozidi kwa kasi, miguu inayopoteza nguvu, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka: mwite muuguzi usiku huo huo, usingoje raundi ya asubuhi. Bonge likibana neva, kuliondoa ndani ya saa 6 hadi 12 ndiko kunakompa nafasi nzuri ya kutembea tena.

Niko kwenye dawa za kifua kikuu cha mgongo na nimeanzishiwa warfarini. INR haipandi. (J., Mwanza)

Ni rifampisini, mojawapo ya dawa zako za kifua kikuu, inalifanya ini liivunje upesi warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dozi itapandishwa, wakati mwingine mara 2 au zaidi, na daktari wako. Hatari kubwa iko mwishoni. Siku utakapomaliza rifampisini, kwenye wiki chache zinazofuata ini linatulia na dozi ile ile inakutoa damu. Tarehe ya kumaliza iandikwe kwenye kadi ya kliniki ya warfarini, na INR ipimwe kila wiki kuanzia hapo.

Siku ya 9 nyumbani, mguu wa kushoto umevimba. Bibi anauchua kwa mafuta ya karafuu na unapata nafuu. Tuendelee? (A., Kilwa)

Acheni leo. Kama humo mna bonge, kuchua kunaweza kulisukuma hadi mapafuni, na hapo mtu hufa kwa dakika chache. Chukua futi ya fundi cherehani, pima miguu yote miwili sentimita 10 chini ya kinundu kilicho chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, ni ultrasaundi ya mishipa leo hii. Hata ikiwa ndogo, uvimbe wa mguu mmoja baada ya upasuaji uonwe na daktari. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, usipite kwa mtu yeyote, nenda moja kwa moja mapokezi ya dharura.

Naruhusiwa siku ya 5. Naweza kupanda basi la usiku kwenda Bukoba? (P., Dar es Salaam)

Ningekushauri usubiri, na hatari ya bonge haiishi kwa wiki moja, huendelea hadi wiki 12. Ukilazimika, uliza kwanza kama utaendelea na sindano ya kuzuia damu kuganda, vaa soksi za kubana, kaa kiti cha pembeni ya njia, shuka kila basi linaposimama, na ukiwa umekaa kunja na kunjua nyayo kila baada ya muda mfupi. Kunywa maji hata kama itakubidi kuomba dereva asimame. Kidonge cha usingizi usikiguse, kinakulaza saa nyingi bila kujigeuza.