Kwa Afisa Mpya wa Mikopo: Jedwali la Sekta na Biashara za Malindi

Wiki yako ya kwanza kwenye tawi utaonyeshwa jedwali. Litatoka makao makuu Nairobi, na sekta zake 11 zimepangwa kama Benki Kuu ya Kenya inavyozipanga: kilimo, viwanda, biashara, ujenzi, nyumba na ardhi, uchukuzi na mawasiliano, utalii na mahoteli, fedha, madini, kawi na maji, na mikopo ya watu binafsi. Kando ya kila sekta pana mshale wa kupanda au wa kushuka, na mara nyingi agizo: hii ongezeni, hii punguzeni.

Nimefanya kazi ya mikopo Malindi, na kwa kipindi Lamu, na nimeona wageni wakilishika jedwali hilo vibaya kwa njia mbili. Wapo wanaolipuuza kwa kuwa eti Nairobi hawaijui Malindi. Wapo wanaolitii kama amri, mama mwenye duka akanyimwa mkopo kwa sababu mshale wa biashara umeelekea chini. Wote hawajauliza ni nini kilichousukuma huo mshale.

Tarakimu unayoiona huwa ni salio: deni lililobaki kwenye vitabu siku ile. Si pesa mpya zilizotolewa. Salio hushuka watu wakilipa, benki ikifuta madeni yaliyokufa, au watu wakiacha kukopa. Hupanda pia bila mtu yeyote kupewa shilingi, pale riba isiyolipwa inapoongezwa juu ya deni na mkopo ukapangwa upya. Sekta inayoonekana kukua inaweza kuwa inazama.

Halafu kuna dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Kiwanda kilichodaiwa dola milioni moja kilitoka deni la shilingi milioni 160 hadi milioni 130 bila kulipa hata senti ya deni lenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi nchini ulishuka chini ya sifuri. Sehemu ya kushuka huko ilitokana na riba kali iliyowafukuza wakopaji, na sehemu ilikuwa hesabu tu ya kugeuza dola kuwa shilingi. Kwenye tawi letu wakopaji wa fedha za kigeni ni wachache, wengi wao ni mahoteli yanayolipwa kwa yuro. Kwa hiyo mshale wa viwanda ukishuka kwa sababu ya dola, fundi wa kuchomelea madirisha wa Ngala, au mwenye lori anayebeba chumvi ya Gongoni na Marereni, hana habari nao kabisa.

Jambo la pili la kuuliza ni Hazina ya serikali inawalipa kiasi gani wanaoikopesha. Mwanzoni mwa 2024 hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa takriban asilimia 16, na Februari mwaka huo serikali ikauza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa fedha wa benki: serikali inakulipa hivyo bila wewe kuamka asubuhi kumpigia mtu simu. Kwa nini umkopeshe mwenye gesti Watamu? Mwaka huo ombi zuri lingeweza kukataliwa na wala mteja hakuwa na kosa. Benki Kuu ilianza kuteremsha riba yake ya msingi Agosti 2024 kutoka asilimia 13, hata ikafika 9.25 Oktoba 2025, na mlango ukaanza kufunguka tena polepole.

Wazee wa kazi watakusimulia pia enzi ya riba kufungwa kwa sheria. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Wateja walishangilia, kisha wafanyabiashara wadogo ndio waliotemwa kwanza, kwa sababu hatari yao haikuweza kutozwa bei yake. Ukuaji wa mikopo uliokuwa juu ya asilimia 15 mwaka 2015 ulikuwa chini ya 3 kufikia katikati ya 2017. Ila usiilaumu sheria peke yake. Kasi ilikuwa imeshaanza kupungua kabla, baada ya Imperial Bank kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, jambo lililozitia benki nyingine woga.

Sasa tuje nyumbani.

Jedwali linatenganisha utalii, kilimo, biashara, uchukuzi, na nyumba na ardhi, kana kwamba ni watu watano tofauti. Chukua faili kumi za tawi lako uzisome kwa makini. Mwenye hoteli ya Casuarina yuko kwenye utalii. Anayemuuzia samaki na kamba yuko kwenye kilimo, kwa kuwa uvuvi umewekwa huko. Mwenye duka la vinywaji yuko kwenye biashara. Mwenye tuktuk tatu zinazopeleka wageni Silversands yuko kwenye uchukuzi. Mwenye nyumba za kupangisha wapishi na wahudumu yuko kwenye nyumba na ardhi. Makao makuu wanaona kitabu kilichosambazwa vizuri katika sekta tano. Mimi naona sahani moja, na wote watano wamenyoosha mkono humo.

Lamu ililionyesha hili mwaka 2014. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni, amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa, na mataifa ya nje yakawaonya raia wao wasije. Walioyumba hawakuwa wenye mahoteli ya Shela tu. Wavuvi wanaotoka usiku walifungiwa ufuoni, wenye mashua za kubeba wageni wakakaa bure, na wauzaji mboga wanaotegemea jikoni za mahoteli wakafuata. Mwaka 2020 yakajirudia kwa korona, nchi nzima. Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya kuanzia Machi 2020 hadi mwanzoni mwa Machi 2021, na zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki ilipitia mlango huo. Kwa hiyo ukisoma tarakimu za utalii za kipindi hicho, kumbuka kwamba salio lililokaa juu halikuwa dalili ya afya.

Basi ninachokushauri ni hiki: kwenye kila faili, pamoja na sekta ya jedwali, andika pembeni pesa zinatoka wapi hasa. Ukijumlisha safu hiyo ya pembeni utajua tawi lina hatari ngapi za kweli. Hakuna atakayekuagiza uifanye, lakini meneja mwenye akili ataiomba nakala.

Kalenda nayo ina mambo yake. Malindi hupata pesa wakati wa upepo wa kaskazi, takriban Desemba hadi Pasaka, wageni wa Italia wakiwa wamejaa na bahari imetulia. Julai na Agosti kuna ahueni. Katikati ya hapo, Aprili hadi Juni, mvua ni za masika, upepo wa kusi umechafua bahari, na mahoteli kadhaa hufunga milango. Mkopo wa makato sawa kila mwezi kwa mteja wa namna hii ni kumtafutia aibu mwezi wa Mei. Omba ratiba inayofuata msimu: alipe zaidi Januari na Februari, na miezi ya kusi alipe riba pekee. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa chechefu, hata kama mteja angelipa zote Agosti. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2024 na 2025 mikopo chechefu nchini ilikuwa juu ya asilimia 16 ya mikopo yote, na hakuna tawi linalotaka kuongeza hapo kwa uzembe wa kupanga tarehe.

Kilimo huchukua sehemu ndogo sana ya mikopo ya mabenki, ingawa ndicho kinacholisha watu wengi zaidi. Wengine husema wakulima hawalipi. Mimi nasema shida kubwa ni dhamana. Lamu nyumba nyingi za mji mkongwe ni za urithi usiogawanywa au wakfu, hati miliki hakuna, na wenye haki ni ukoo mzima. Mteja ana mali, lakini benki haiwezi kuishika. Tangu 2017 ipo sheria inayoruhusu mali inayohamishika iandikishwe kuwa dhamana: injini ya mashua, majokofu ya samaki, mifugo, bidhaa za dukani, hata madeni anayodai wateja wake. Jifunze sajili hiyo vizuri kuliko wenzako. Kwa muuza samaki wa Lamu, hiyo ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Mikopo ya watu binafsi ni fungu kubwa, na limeficha biashara. Mwalimu wa Mpeketoni anakopa kwa mshahara, anakatwa moja kwa moja, na kesho yake ananunua pikipiki mbili za bodaboda. Kwenye jedwali huyo ni mtu binafsi. Usije ukamwambia mkaguzi kwamba bodaboda za Lamu hazikopi.

Kwa wajenzi na wenye kusambazia serikali za kaunti sitasema mengi. LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa au kazi, ni karatasi nzuri, lakini haisemi lini utalipwa. Madeni ambayo kaunti na serikali kuu hazijawalipa wakandarasi ndiyo yameharibu mikopo mingi ya ujenzi na biashara. Muulize mteja LPO yake iliyopita ililipwa baada ya miezi mingapi, kisha uangalie taarifa ya benki kama jibu linafanana. Bandari ya Lamu nayo, iliyofungua gati yake ya kwanza Mei 2021, isiwe sababu ya kumkopesha mtu anayejenga gesti Mokowe kwa matumaini. Akuonyeshe wapangaji.

Utakutana pia na mteja ambaye biashara yake ni safi na hataki mkopo wako, kwa sababu dini yake inamkataza riba. Usimbembeleze. Benki kamili za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008, na mabenki mengine kadhaa yana dirisha, yaani kitengo, la namna hiyo. Kwa murabaha benki hununua mali na kumuuzia kwa faida iliyojulikana mwanzo. Kama benki yako inayo, jua karatasi zake zinavyokwenda kabla Bwana huyo hajakuuliza, maana atauliza maswali makali kuliko ya meneja wako.

La mwisho ni bei ya mkopo, maana mfumo umebadilika. Kwa mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika, tangu Desemba 2025 kipimo ni KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo mabenki hukopeshana usiku mmoja. Juu yake benki huongeza sehemu yake: gharama za uendeshaji, faida ya wenye hisa, na hatari ya mkopaji mwenyewe. Hiyo ya hatari ndiyo peke yake unayoweza kuigusa ukiwa Malindi. Faili lenye miaka miwili ya mauzo yaliyotenganishwa kaskazi na kusi, LPO zilizolipwa na tarehe zake, na dhamana iliyoandikishwa, huteremsha tarakimu hiyo. Mteja akikuuliza kwa nini jirani yake anatozwa kidogo, fungueni faili lake pamoja.