Uliza Fundi: Oili ya kilomita laki na ishirini, kweli au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

*Shikamoo fundi. Nina semi mbili, Actros na Scania 124, zote nilichukua used za Ulaya, zinapiga Dar–Lubumbashi. Namwaga oili kila kilomita elfu 10, yani kama tripu mbili na kitu, kila gari inameza lita 35 hivi na filta juu. Sasa jamaa wa duka la vilainishi kanikomalia nichukue sintetiki 10W-40 ya kukaa muda mrefu, eti Ulaya wanatembea nayo mpaka laki na ishirini ndo wanamwaga. Dereva wangu wa siku nyingi hataki hata kusikia, anasema oili ikishakuwa nyeusi imekufa. Nimsikilize nani? – Tajiri mdogo, Makambako*

Marahaba tajiri. Wote wawili wamekwambia nusu nusu.

Jamaa wa duka hajadanganya kuhusu Ulaya. Mercedes wana kibali chao kinaitwa 228.5, Scania wana LDF, Volvo wana VDS-3, na ukigeuza dumu nyuma utakuta wameandika kama hiyo oili imepita mitihani hiyo au la, kama hakuna hata kimoja hapo we rudisha dumu kwenye shelfu hata kama mbele wameandika "ya kukaa muda mrefu" kwa herufi za dhahabu. Na kweli kwa Actros za safari ndefu Mercedes wameshasema mpaka kilomita 120,000. Ila hilo neno "mpaka" ndo muuzaji analimeza. Hiyo ni gari ya lami tupu, spidi moja kutwa, filta orijino, na dizeli ambayo tangu 2009 hairuhusiwi kuzidi salfa sehemu 10 kwa milioni. Yako inapanda Kitonga na mzigo, inalala foleni Tunduma, af inavuka mpaka.

Tuanze na mafuta. Huku Afrika Mashariki tulikubaliana dizeli isizidi salfa 50 kwa milioni kuanzia 2015, sio mbaya kabisa, lakini hicho kikomo ni mara tano ya wenzetu, na hapo hujagusa yale ya madumu ya pembeni ya barabara ambayo tanboi wako anajua yanatoka wapi. Salfa ikiungua inatengeneza asidi, na ndani ya oili kuna dawa ya kuiua hiyo asidi, maabara wanaipima kwa namba inaitwa TBN. Oili ya kukaa inaanza na dawa nyingi, ndo maana inakaa. Dawa ikiisha oili inaweza kuonekana bado nzuri tu kwenye kijiti cha kupimia, huku beringi zinaliwa kimya kimya.

Halafu usidhani iliyo mpya zaidi ndo bora kwako. CK-4, daraja la oili la Kimarekani linaloandikwa kwenye dumu, ilikuja 2016 na imetengenezwa kwa magari yenye chujio la masizi kwenye egzosi na dizeli safi sana, majivu yake (yanayobaki oili ikiungua) yamebanwa, na mara nyingi dawa yake ya asidi ni kidogo kuliko CI-4, daraja la zamani la 2002. Scania 124 haina hilo chujio. Kwa hiyo gari kama hiyo CI-4 nzuri au ile ya Ulaya inayoandikwa E7 au E4 inakutosha, usilipie kitu ambacho gari haina pa kukitumia.

Sasa vumbi, hapa nina kidonda changu mwenyewe. Miaka ile nina gari ya mteja, tumeweka sintetiki ya bei, nikamwambia tajiri wake kwa kujiamini kabisa tutaenda elfu 40. Kufika elfu 26 presha ya oili ikaanza kucheza, kushusha bakuli la oili nikakuta beringi za krenki zimekwaruzwa kama zimepigwa msasa. Filta ya hewa nzima, oili nzima. Tukahangaika nusu siku mpaka kijana wangu akapitisha mkono kwenye mpira unaotoka filta kwenda turbo, kwa chini, pale unapokaa kwenye klipu, akakuta mpasuko wa urefu wa kidole na vumbi limeganda pembeni yake. Mpira wa bei ya chakula cha mchana. Toka siku hiyo mi kabla sijaongelea oili na mtu nafungua kwanza bomba la hewa nafuta kwa ndani na kitambaa cheupe, kikitoka na vumbi mazungumzo ya kilomita nyingi yanaishia hapo mpaka tuzibe.

Na foleni. Gari ikikaa Tunduma siku tatu dereva kawasha injini alale na AC, mita ya kilomita haisogei lakini oili inafanya kazi, tena kazi mbaya maana injini haipati moto wa kutosha na dizeli inavuja kidogo kidogo kushuka kwenye oili inaifanya nyepesi. Mi nahesabu saa moja ya kuunguruma bila kutembea ni kama kilomita 40. Mwambie dereva aandike masaa kwenye daftari, atalalamika, lakini aandike.

Kuhusu dereva wako na weusi: oili nzuri ya dizeli LAZIMA iwe nyeusi, hiyo ina maana imeshika masizi yanaelea badala ya kuganda kwenye kuta. Ya kuogopa ni ile imekuwa nzito kama lami au nyepesi kama maji, au ina rangi ya chai ya maziwa (hapo maji yameingia, zima gari).

Kwenye Scania una bahati ingine. Ina ule mtungi unaozunguka na kukamata uchafu, kila sevisi ufungue. Ndani utakuta ukoko umeganda ukutani kama ukoko wa wali, uukwangue kwa kisu. Ukiwa umenenepa sana kabla ya siku zake, oili imezidiwa, punguza kilomita. Ukikuta ni mwembamba mno usishangilie, mara nyingi mtungi hauzunguki. Pitisha na sumaku, ikinasa vipande vinavyong'aa nipigie.

Nifanyeje basi? Kama sintetiki ni bei mara mbili lazima itembee karibu elfu 20 ndo urudishe hela, ila filta na siku moja ya gereji unaokoa. Mzunguko wa kwanza mwaga elfu 10 ile ile, maana oili mpya inaosha takataka za zamani. Wa pili fika 15, chukua sampuli peleka maabara, wale wa migodini wanafanya hivi kila siku. Chota injini ikiwa ya moto, isiwe ile ya kwanza kutoka wala ya mwisho, chupa safi kavu sio ya soda. TBN ikishuka chini ya nusu ya ilivyokuwa mpya, hapo ndo mwisho wa kilomita zako. Silikoni ikipanda ni vumbi, sodiamu ikipanda angalia maji ya rejeta. Ripoti ikiwa safi ongeza elfu 5 pima tena. Bila ripoti, kwa njia yako hiyo, mi elfu 20 sivuki.

*Fundi mambo. Tipa ya mchanga, ina sintetiki, njiani nikaongezea lita 4 za 15W-40 ya kawaida. Nimeua injini? – Dereva, Kibaha*

Poa. Hujaua kitu, bora hivyo kuliko kutembea kijiti kikavu. Ila hesabu ya kukaa muda mrefu imekufa, mwaga kwa kilomita za oili ya kawaida. Na tipa ya mchanga wala usiongelee kukaa, vumbi lote hilo na kutembea pole pole siku nzima, hesabu kwa masaa, 250 inatosha.

*Hujambo mwanangu. Fuso yangu ya mahindi inakula lita 5 za oili kwa wiki. Nimeambiwa ya kukaa itapona. – Mama wa Njombe*

Shikamoo mama. Sijambo. Haitapona, itakunywea ya bei tu. Kabla hujakubali kufungua injini mwambie kijana afungue mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, apitishe kidole. Akikuta umelowa oili chapachapa, anza na turbo. Akikuta pakavu basi awashe gari, afungue kifuniko cha kujazia oili aangalie kama kinapumua moshi kwa nguvu, nayo ndo itakuwa ringi za pistoni, na hapo mama weka 15W-40 ya kawaida huku unatafuta hela ya ovahoo.