Kikundi cha mazingira mji mdogo: kabla ya kuokota taka jueni zinaenda wapi

Mkuu umesema mko vijana kumi na tano, mji wenu mdogo, mnataka kikundi cha kujitolea cha mazingira na hamjui muanzie wapi, na kama fulana ni lazima. Mi niko Pangani, mji wa pwani mkoa wa Tanga, hii kitu tumeifanya miaka kadhaa, ntakupa zaidi pale tulipojikwaa maana ndo pengi.

Tulianza kama wote wanavyoanza, jumamosi asubuhi, reki na viroba, tunaokota kuanzia kivukoni tunafuata ufukwe. Picha zikatoka kali sana. Viroba vilivyojaa tukavipanga kando ya barabara, tukaenda zetu kunywa chai na vitumbua, kila mtu anajiona shujaa. Jumanne bado viko palepale, jumatano kunguru na mbwa wameshavipasua, alhamisi mvua, mzigo wote ukarudi mtoni na mto nao ukautoa baharini. Kuna ndala moja ya bluu imeliwa kisigino, niliiokota jumamosi mbili mfululizo, naijua kama mtoto wangu.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo, ulizeni taka inaenda wapi kabla hamjainama. Chupa za maji zina mnunuzi, anapima kwa kilo, ila chupa ni hewa tupu, ukijaza pikapu ya chupa ambazo hazijakanyagwa ukazipeleka Tanga mafuta yanakula hela yote na unabaki na deni (yalitukuta). Saivi tunazikanyaga, vifuniko tunavitoa maana ni plastiki ya aina nyingine inauzwa peke yake, tunarundika mpaka apatikane dereva aliyeleta mzigo huku na anarudi mtupu, huyo ukimpoza kidogo anabeba.

Rambo (mifuko ya plastiki) zilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 tulishangilia, na kweli zilipungua, lakini vile vifungashio laini visivyo na mshikio vikaanza kubebea kila kitu mpaka dagaa, na hivyo hakuna anayenunua hata bure. Pampasi ndo usiniulize kabisa, mpaka leo tunaziangalia tu.

Alafu mtashangaa mkimwaga kiroba cha mtaani chini mkachambua, kikubwa humo sio plastiki ni maganda, mabaki ya chakula, machicha ya nazi. Hapo walituokoa mama lishe wawili sio sisi wenye picha. Wanatengeneza mboji, mbolea ya mabaki yaliyooza: wanaweka tabaka la mabichi, juu tabaka nene la majani makavu, wanarudia hivyo, wanachomeka fimbo katikati na asubuhi wanaichomoa wanaishika, ikiwa ya moto lundo linafanya kazi, ikiwa ya baridi na inanuka maji yamezidi, ongeza makavu ugeuze. Matumbo ya samaki marufuku, tulijaribu mara moja paka wa mtaa mzima wakahamia. Makumbi ya nazi nayo msiweke mazima yatakaa mpaka mzeeke. Mboji wanauziana na wa bustani za mchicha, na ndo kitu pekee hakijawahi kusimama hata wiki sisi tukiwa kwenye misiba na mechi.

La mikoko sasa, maana najua mtaenda huko, kila kikundi cha pwani lazima kipande mikoko. Sisi tulichomeka mbegu za mkoko, zile ndefu kama rula, kwenye tope wazi linalotazama bahari kwa sababu ndo palikuwa na nafasi na picha inatoka vizuri. Mzee mmoja mvuvi anapita na nyavu akatuuliza, "Wanangu, mnadhani kwa nini hapa hapajaota wenyewe?" Tukacheka. Bamvua (maji makubwa) mbili tatu pamoja na upepo wa kusi, zimebaki za kuhesabu. Kumbe mbele kule kwenye mawimbi ni kwa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, huu mkoko wenyewe wa mbegu ndefu unataka nyuma yake pametulia. Tukamfuata mzee tukiwa wapole, akatupeleka sehemu ambayo mikoko yake ilikatwa zamani kupata boriti, maji hayaingii vizuri kwa sababu mtu alipitisha njia juu ya mkondo. Kazi yetu ikawa kuchimba maji yapite, basi, mbegu zikaja zenyewe na maji. Huku tuna kisiwa cha Maziwe mbele yetu, wazee wanakumbuka kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga na maji yakijaa linazama, sasa ukija na habari zako za mazingira huhitaji semina ndefu, watu wanaangalia tu baharini.

Kuhusu fulana, tulipata mtu wa kutuchapishia, siku ya kugawa walijaa hatujawahi kuona, jumamosi iliyofuata tukawa tisa. Zilizobaki wale mama wa mboji wanazikunja ngata za kubebea ndoo.