Wadogo zangu wa masta, hizo nyota tatu zinakudanganyeni

Juzi nilikaa nyuma kwenye uwasilishaji wa wanafunzi wa masta ya sosholojia, nimeinamisha kichwa kama niliyefiwa. Wa kwanza kapanda na jedwali lenye nyota tatu tatu kila mstari, ile alama ya kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nikajua analeta nini kabla hajachomeka flashi. Nakupendeni, lakini mnanipandisha presha. Nasema haya mara moja, na namba nimeziweka ili mujue pa kuruka, ingawa mwenyewe sina hakika kama nitazifuata.

1. Usiende kuhoji wakulima wa mwani mchana wa bamvua. Maji yanapotoka sana, wanawake wako baharini, wameinama na kamba zao za taitai na vigingi. Utakaowakuta nyumbani ni wasiolima, wagonjwa na bi harusi wa juzi. Madodoso yatajaa vizuri kabisa, sampuli itakuwa imeoza, na hakuna rigresheni, hesabu ile ya kupima uhusiano wa mambo, itakayokuoshea. Muulize sheha, mkuu wa shehia, habari za maji kabla hujamuuliza kitu kingine.

2. Uzani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar kati ya 61,741,120 wa Tanzania nzima, yaani kama asilimia 3. Kwenye tafiti za kitaifa za afya na kaya sisi tunahojiwa wengi kuliko fungu letu, makusudi, ili mikoa yetu mitano isomeke. Uzani ndio unaomrudisha kila mhojiwa kwenye fungu lake halisi. Ukisahau kuweka uzani halafu ukaandika "Watanzania", umewalazimisha watu wa Bara wale urojo.

3. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Tasnifu yangu ilihusu kauli ya mwanamke katika matumizi ya pesa za mwani. Shehia 30 za Unguja na Pemba, wanawake 20 kila shehia, jumla 600. Kauli niliipima kwa alama 0 hadi 10. Swali kubwa: je, penye kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake wana kauli zaidi? Shehia 15 zilikuwa nacho, 15 hazina.

Siku ya tatu, upande wa Micheweni, nilimhoji bibi mmoja anachambua mwani uani kwake. Nimefika swali la kumi na mbili, akauweka mwani chini. "Mwanangu, watuuliza sote kitu kimoja cha nini? Twauza kwa mnunuzi mmoja, bei moja, twakaa kikundi kimoja. Hapa akisema mmoja tushasema sote." Nikacheka. Nikamwambia takwimu ndivyo zinavyotaka, bibi, watu wengi. Tena nikaandika pembeni ya dodoso: mhojiwa amechoka.

Amechoka! Bibi alikuwa ananisomesha modeli za ngazi nyingi, zile zinazomhesabu mtu ndani ya shehia yake, bure, na chai ya rangi juu yake.

Nikarudi mjini, nikawamwaga wote 600 kwenye rigresheni ya kawaida. Nyota tatu, p chini ya 0.001, yaani kama vikundi havina athari yoyote, matokeo kama haya yangetokea kwa bahati chini ya mara moja katika elfu. Usiku ule sikulala, napigia simu kila ninayemjua. Sura ya nne nikaiandika kwa sauti ya waziri: vikundi vinaongeza kauli, vifunguliwe kila shehia. Siku ya utetezi mama alibandika pilau tangu asubuhi, na majirani washaalikwa.

Mtahini alikuwa mzee mpole, hata sauti hakupandisha. "Kijana, hicho kikundi ni sifa ya mwanamke au ya shehia?" Ya shehia, mwalimu. "Shehia ngapi?" Thelathini. "Sasa hawa mia sita wametoka wapi?" Nikafungua mdomo. Mpaka leo sijui nilijibu nini. Rafiki yangu aliyekuwepo anasema nilitaja mvua za masika.

Masahihisho makubwa, miezi minane. Pilau ililiwa, ila kimya kimya, na mama bado anaamini kuna mtu alinifanyia hasadi.

Niliporudia hesabu, mfanano wa majibu ndani ya shehia ulikuwa 0.15, pale 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni wote kujibu mamoja. Kidogo, sivyo? Chukueni kalamu, 20 ni wanawake wa kila shehia: 1 + (20 − 1) × 0.15 = 3.85. Gawa 600 kwa 3.85, unabaki na uzito wa watu kama 156. Kosa sanifu, kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, likawa karibu mara mbili ya lile nililokuwa nikitamba nalo, p ikapanda hadi 0.08, nyota zikaanguka zote. Na muelewe, 0.08 haikusema kwamba vikundi havina maana. Ilisema shehia 30 hazikutosha kunipa jibu, na hivyo ndivyo nilivyotakiwa kuandika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: ningekwenda shehia 60 nikahoji wanawake 10 kila moja, ningekuwa na wahojiwa 600 vile vile, lakini uzito wao ungekuwa wa watu kama 255. Nililijua hilo? Nusu nusu. Sikuongeza shehia kwa sababu ya nauli. Nauli, jamani! Nikaokoa pesa za daladala, nikaja kulipa ada ya muhula wa ziada.

Kwa hiyo mukija kwangu na data za kaya, za skuli au za shehia, swali langu la kwanza ni lile la mtahini. Ushauri wenyewe ni mfupi: tumia modeli ya ngazi nyingi, au angalau makosa sanifu yaliyofungwa kwa shehia, yaani yanayokubali kwamba watu wa shehia moja wanafanana, na shehia zikiwa chache, muone anayejua kabla hujaandika neno.

4. Odi ni walio na jambo kugawa kwa wasio nalo, na uwiano wa odi wa 3 hausomwi "mara tatu zaidi". Walio nalo wakiwa asilimia 60 upande huu na theluthi moja upande ule, odi ni 1.5 kwa 0.5, uwiano ni 3, lakini asilimia zenyewe hazijafika hata mara mbili. Fanyeni hesabu hii kwa mkono mara moja tu katika maisha yenu, basi.

5. Kwenye dodoso, 99 ni namba ya kuandikia jibu la "sijui". Kuna mmoja wenu kanionesha bibi wa Kojani aliyesoma miaka 99. Nikamuuliza kama bibi huyo alishamaliza au bado anaendelea.

6. Amri unazoipa programu ya takwimu ziandikwe kwenye faili na zihifadhiwe. Msimamizi akikuuliza miezi sita baadaye ulifanyaje, kidole kilichobofya menyu hakikumbuki.

7. Hii nilitaka iwe juu ya data zinazokosekana na ubaya wa kujaza pengo kwa wastani, lakini adhana hiyo, na nimeshasema mengi. Msijaze kwa wastani.

Na yule wa desimali sita juzi, najua unasoma. Zifanye mbili. Jumamosi uje kwangu na orodha ya shehia zako, leptopu iache nyumbani. Tutaanza kwa kuzihesabu.