Linki haipimwi kwa kilo

Machalii wapya mnaoandikia kampuni za utalii hapa Arusha na Moshi, sogeeni. Msimu ukikaribia swali ni lilelile: "Makala ya kutafutia linki (viungo kutoka tovuti za wengine kuja kwa mteja) iwe na maneno mangapi?" Na kabla hujajibiwa, faili la maneno 2,003 limeshafika, ukilikamua linatoka jambo moja. Google wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hawana idadi ya maneno wanayoipendelea. Hata hivyo kuhesabu kuna mahali pake.

1. Makala ya ugenini, ile unayoichapisha kwenye tovuti ya mtu mwingine, inafuata vipimo vya mwenyeji. Fungua makala tano za mwisho kwenye tovuti unayoiomba nafasi, uzinakili kwenye Word, uangalie idadi. Zikicheza kati ya 700 na 1,000, wewe lenga 850. Ukimpelekea mhariri 2,400 atakata, na mara nyingi kisu kinaanzia aya yenye linki yako, maana ndiyo inayonuka tangazo. Ukipeleka 300, linki inakosa nyama ya kuizunguka, inasimama peke yake kama bango la barabarani.

2. Makala ya nyumbani, ile unayotaka wengine waipe linki kwa hiari, inafuata swali la msomaji. Chukua siku ya kupita mwamba wa Lava Tower kwenye njia ya Machame, Kilimanjaro. Wengi wenu mnaanza: "Mlima Kilimanjaro ni mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye urefu wa mita 5,895..." Aya tatu, maneno 250, mgeni bado yuko getini! Mwandishi wa Ujerumani anayetafuta cha kunukuu anataka mstari mmoja: mpandaji anafika mita 4,600 hivi, kisha anashuka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Weka jedwali la kambi, mwinuko na saa za kutembea, kuanzia geti la Machame hadi kambi ya Barafu, na maelezo mafupi chini yake. Maneno 400 yanatosha kabisa. Ila ulinganisho wa njia za Machame, Marangu, Lemosho na Rongai ukiumaliza kwa maneno 600 umemdanganya mtu. Marangu wanalala kwenye vibanda, kwingine ni mahema. Rongai iko upande wa kaskazini, mvua yake si ya kusini. Huo utafika 1,800, hata 2,500, bila kuongezwa maji.

3. Linki moja, mbili kwa shida, ndani ya aya yenye hoja, ielekee ukurasa wa ndani unaohusika.

4. Sasa hili, ambalo kizazi chetu karibu chote tulilifanya na bado linatuuma tukiwaona mnalirudia. Bosi anataka linki 30 kabla ya Juni. Unaandika makala moja ya maneno 500, kwa sababu muuza vifurushi vya linki alisema 500. "Wageni" unawageuza kuwa "watalii", "mandhari" inakuwa "mwonekano", unaimwaga kwenye blogu 30, nyingine za kamari, nyingine za dawa za kupunguza tumbo. Zote zinabeba linki kwenye maneno yaleyale, "safari za Kilimanjaro bei nafuu", zote zinagonga ukurasa wa mwanzo. Hakuna msafiri wa kweli anayeandika hivyo mara 30, na mashine ya Google inaliona hilo kabla yako.

Google walipoachia Penguin, mfumo wao wa kukamata linki za ujanja, tarehe 24 Aprili 2012, tovuti zilizojengwa kwa mchezo huo ziliporomoka. Tangu Septemba 2016 Penguin imo ndani ya mfumo mkuu wa utafutaji, na kawaida yake ni kuzipuuza tu linki chafu. Hapo ndipo panapouma zaidi: grafu haishuki wala haipandi, hela imekwenda na hakuna msiba wa kumwonyesha bosi. Na msijidanganye kwamba tungeandika 1,500 tungepona. Harufu ilikuwa kwenye blogu zilizochaguliwa na maneno yaliyobeba linki.

Ikija adhabu ya kupewa na mkaguzi wa Google, si mashine, utaikuta Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti. Pakua orodha ya linki, waandikie wenye blogu waziondoe (wengi watanyamaza, wengine watadai hela). Zilizogoma ziandike kwenye faili la .txt la UTF-8, tovuti moja kila mstari, ukianza na domain: kisha upakie kwenye chombo cha Google cha kukataa linki (Disavow) na kuomba ukaguzi upya. Faili jipya linafuta la zamani. Ukipakia mistari mitano ya leo, ile 80 ya jana haipo tena. Na kama hujapewa adhabu, chombo hicho kiache, maana kwa woga mnachinja hata linki nzuri.

5. Umelipia nafasi? Linki iwekewe rel="sponsored", alama ya kuiambia Google kuwa imelipiwa, ipo tangu 2019. Usibishane.

6. Makala ikishatoka, fungua msimbo wa ukurasa. Tafuta noindex (ukurasa usiwekwe Google), tafuta nofollow (linki isihesabiwe), bonyeza linki uone inatua wapi. Kampuni zetu zina ugonjwa wa anwani kama /bei-kilimanjaro-2023. Mwaka ukigeuka mwenye tovuti anafuta ukurasa, anatengeneza wa 2024, na linki zote za mwaka mzima zinagonga 404, yaani ukurasa haupo. Halafu anakuja kuagiza makala kumi mpya! Anwani isiwe na mwaka: badilisha bei ndani, anwani ibaki. Zile zilizokwisha kufutwa zielekeze kwa 301 (uhamisho wa kudumu) kwenye ukurasa wa bei wa sasa; mkizitupa zote ukurasa wa mwanzo, Google huweza kuzihesabu kama 404 vilevile. Anzeni na wateja watatu wa juu kwenye orodha, leo kabla ya kufunga kompyuta. Makala mpya zitasubiri Jumatatu.