Ahurumiwe, ila si kwa kisingizio cha wazimu

Wahariri, mmetuuliza sisi wasomaji wiki hii: mama aliyemuua mtoto wake mchanga, sheria imhurumie au imhukumu kama muuaji mwingine yeyote? Mimi nasema ahurumiwe. Ila huruma iliyoandikwa katika sheria za majirani zetu siipendi.

Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo), Uganda na Tanzania zilirithi kwa Waingereza kosa la peke yake kwa mama anayemuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1922, iliyoandikwa upya 1938, inampunguzia mama hatia ikiwa akili yake ilikuwa imevurugwa na uzazi au kunyonyesha. Nyuma yake kulikuwa na historia mbaya. Kwa sheria yao ya 1624, msichana asiye na mume aliyeficha kifo cha mtoto wake alihesabiwa kuwa ndiye muuaji, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Ilifika wakati mabaraza ya mahakama yakaona uzito kuwapeleka kitanzini vijakazi waliopewa mimba na watu wasioitwa mahakamani hata siku moja. Baadaye ukapatikana mlango wa kuwatolea, nao ni maradhi ya akili.

Shida ni kwamba mara nyingi si kweli. Mwaka 1970 daktari wa akili wa Marekani, Phillip Resnick, aliwatenga mama wanaoua siku ile ile ya kuzaa na wale wanaoua baadaye. Hawa wa baadaye wengi walikuwa wagonjwa kweli. Wale wa siku ya kwanza walikuwa zaidi wasichana, bila mume, waliokuwa wameificha mimba au wameikana hata mbele ya nafsi zao, na wenye wazimu kati yao walikuwa wachache. Walikuwa na hofu, na hofu ina watu walioitia. Tukisema “alirukwa na akili”, watu hao wote wanakwenda nyumbani kulala.

Tazameni ni nani aliyekuwa akiamua zamani. Roma, baba ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumpokea mtoto au kumkataa, na ni mwaka 374 tu sheria ilipoanza kuhesabu kumuua mchanga kuwa jinai. Kwa Sparta, mji wa Wagiriki, mwandishi wa kale Plutarch anasema wazee ndio waliomkagua mtoto. Pwani ya Waswahili, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini aliitwa kigego, akaogopwa kama nuksi ya ukoo, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Meno hayo hayo yaliua mbali sana na Pwani: katika bonde la Omo, Ethiopia, Wahamar na Wakaro walimwita mtoto wa namna hiyo mingi, na Wakaro waliiacha desturi hiyo rasmi mwaka 2012 tu. Na sisi tusijione wasafi. Mmisionari na msafiri Livingstone, alipopita kwa mfalme Kazembe, ng'ambo ya mto Luapula, mwaka 1867, aliandika kwamba huko hata mtoto aliyeonekana kugeuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine usingizini aliuawa.

Wasomi wengine watasema hizo ni mila za watu, tusizipime kwa kipimo chetu. Nawauliza: mbona wenye mila wenyewe walitafuta pa kutorokea? Livingstone huyo huyo anasema kwamba watoto wa nuksi waliitwa “watoto wa Waarabu”, kwa sababu Waarabu hawakuwa na imani hiyo, na kama kulikuwa na Mwarabu karibu, mtoto alipewa yeye. Anamtaja pia mmoja wa wake za Sekeletu, mfalme wa Wamakololo, aliyekataa mtoto wa mtumishi wake auawe kwa ajili ya meno. Kwa hiyo katika mila ile ile kulikuwa na mwanamke aliyeona kwamba jambo hili si sawa. (Mwarabu naye alimpeleka wapi mtoto? Biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto, sitaki kuipamba hadithi.)

Na nuksi yenyewe haina msimamo. Mapacha walitupwa porini huko Calabar, Nigeria, ambako mmisionari Mary Slessor alifika mwaka 1876 na kuanza kuwaokota. Kwetu Katanga, Waluba wakipata mapasa wanawaita Kyungu na Kabange, wanawapigia ngoma, na mama anatembea kichwa juu. Tumbo ni lile lile. Mwenye kuamua kama limeleta baraka au balaa ni mtaa.

Mtaa unaamua hata leo, ila siku hizi haukai kikao. Mimba ya msichana ikionekana, wakubwa wanambeba usiku kumpeleka kwa aliyempa mimba. Kijana anakana, wazazi wake wanafunga mlango, na msichana kwao hawezi kurudi. Kanisani anawekwa chini ya nidhamu na kutolewa katika kwaya. Kijana anaendelea kupiga gitaa Jumapili. Mama mzazi akiweza kujifungua kwa fundi, yaani mkunga wa kienyeji, na si hospitali, atajifungua kwa fundi, maana anawajua wenzake waliozuiliwa wodini na watoto wao mpaka bili ilipwe. Mtoto akipona hayo yote, anaweza kuja kuitwa mlozi akiwa na miaka sita, ingawa sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inampeleka gerezani anayemsingizia mtoto uchawi. Zamani wazee waliamua hadharani, wakatenda, na hakuna aliyewalaumu. Sasa tunaamua kwa kunyamaza, halafu msichana anatenda peke yake chooni, na polisi wanamkuta yeye tu.

Nikiwa hakimu ningewaita wote waliojua. Sheria hainipi nguvu hiyo, najua. Basi nizungumzie kinachowezekana. Austria iliruhusu mwaka 2001 mwanamke ajifungue hospitalini bure na bila kutaja jina, na mauaji ya watoto wa siku ya kwanza yaliyojulikana yakashuka kutoka 7.2 hadi 3.1 kwa kila vizazi 100,000 katika miaka iliyofuata. Kisanduku cha kuachia mtoto, kama kile cha Johannesburg, ni kizuri, lakini kinamsaidia aliyekwisha kuzaa salama na mwenye nguvu za kutembea.

Serikali yetu ilianza kulipia uzazi mwaka 2023, Kinshasa kwanza. Nilifurahi. Lakini bila jina hufunguliwi faili, na pale mezani swali la pili ni la mume. Msichana ninayemfikiria hakimbii bili peke yake, anakimbia swali hilo. Naomba hospitali moja tu ya serikali hapa Lubumbashi iseme wazi, hata redioni, kwamba anayekuja na uchungu hataulizwa jina lake wala la mwanamume mpaka mtoto amezaliwa na kitovu kimefungwa, na asipotaka kusema hata baada ya hapo, aachwe.

Msomaji wenu, Katuba, Lubumbashi